Mwaka wa Kalamu Zilizopasuka

Nilimtambua kwa mgongo kabla sijauona uso. Watu walikuwa wamejaa katika ua wa Mama Awuor kule Kiplombe, tukingoja maombi yaishe ndipo mwili wake usafirishwe kwenda kuzikwa kwao, upande wa ziwa. Pembeni, karibu na tangi la maji, mwanamke mmoja mrefu alikuwa akisukuma kuni chini ya sufuria kubwa ya chai. Aliinama kutoka kiunoni bila kuukunja mgongo, kama mtu aliyewahi kusimama siku nzima mbele ya mashine. Karibu miaka thelathini ilikuwa imepita tangu tuonane. Nikajua ni Chelagat, nami nikajiona tena msichana wa miaka ishirini. Sikumwendea. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya akina mama wa kanisa, nikainamisha kichwa kama ninayeomba, lakini sikuwa naomba. Nilikuwa nimerudi kwenye ule mwaka.

Karakana yetu ya kalamu ilikuwa chumba cha mbao nyuma ya nyumba hiihii. Siku hizi wamekibomoa na kupanda sukuma wiki pale, lakini mimi bado naweza kukuonyesha mlango ulipokuwa. Kilinuka vumbi la mti, gundi na githeri ya mahindi na maharagwe, kwa sababu jiko lililochemsha chakula chetu cha mchana ndilo lililopasha gundi moto. Tulikuwa wanawake watatu tu. Mama Awuor, mjane, alikuwa amefundishwa kazi na marehemu mumewe, mwalimu wa ufundi, na alitengeneza kalamu za mbao kutoka kwa mzeituni wa porini, mti ambao wakulima wa huku waliukata nguzo za ua bila kuona uzuri ulio ndani yake. Chelagat, aliyetoka Chepsaita, alikuwa amenizidi miaka mitatu, na ndiye aliyekereza, yaani aliyeuchonga mti ukizunguka kwenye mashine. Mimi, Wambui, mzaliwa wa Soy, nilikuwa mgeni kazini. Nilipewa kazi mbili: kutunza mbao zilizokuwa zikikauka, na kufungua kalamu zilizorudishwa ili nizirekebishe.

Watu hudhani kalamu ni kitu kidogo. Kipande cha mti chenye urefu wa kidole hutobolewa katikati, kibomba chembamba cha shaba kikabandikwa ndani kwa gundi, kisha mti ukakerezwa juu ya kile kibomba mpaka libaki ganda jembamba lililo laini kama yai. Ncha, pete na klipu husukumwa ndani kwa jiriwa, kibano cha chuma, bila skrubu hata moja. Ndiyo maana kuifungua kunataka subira. Unatoa rifili ya wino, unaingiza chuma chembamba kama sindano ya kufuma, unaifunga kalamu kwa kitambaa, unagonga kidogo, unageuza, unagonga tena, mpaka ncha itoke yenyewe. Ukigonga kwa hasira, ganda linavunjika mkononi. Nilikuwa na mkono mzuri wa kufungua. Mama Awuor aliniambia hivyo wiki ya kwanza, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kusifu ovyo, nilitembea na sifa hiyo siku nyingi.

Kazi ya mbao ndiyo niliyoichukia. Mti mbichi una maji, na ukiukereza mbichi, utakuja kukauka ukiwa tayari ni kalamu. Mti utasinyaa, shaba iliyo ndani haitasinyaa, na ganda litapasuka. Kwa hiyo kila Ijumaa mchana nilitakiwa kuingia stoo, nipime kila kipande kwa mizani ya jikoni na kuandika uzito wake kwenye daftari. Kipande kilichopungua bado kilikuwa na maji. Kile ambacho hakikupungua wiki tatu mfululizo kilikuwa kimekauka, nacho kilihamishiwa rafu ya chini, tayari kwa Chelagat. Vipande vilikuwa zaidi ya mia mbili. Stoo ilikuwa na baridi na panya, na Ijumaa ndiyo siku Mama Awuor alipokwenda kwenye chama cha akina mama kanisani.

Ijumaa moja Chelagat alizima mashine akaniita. "Wewe, kuja hapa. Unataka kujua hii kitu ama hutaki?"

"Mama amesema nisiiguse."

"Mama hayuko. Mimi kesho naweza olewa huko Kapsabet, na nani atabaki na hii mashine? Shika patasi. Si hivyo! Unashika kama unachinja kuku."

Alisimama nyuma yangu akaiweka mikono yake juu ya yangu. Patasi ilipogusa mti unaozunguka, maganda membamba yaliruka yakaniangukia kifuani, nami nikacheka kwa furaha ambayo sikuijua. Tangu siku hiyo kila Ijumaa ilikuwa ya kukereza. Na daftari? Nilikuwa nikilijaza dakika kumi kabla Mama Awuor hajarudi. Niliangalia uzito wa wiki iliyopita, nikapunguza gramu mbili hapa, moja pale, nikaacha vingine vilivyo, kwa mwandiko mzuri, kisha nikahamisha vipande kwenye rafu ya chini kwa kukisia. Chelagat hakujua. Aliniuliza mara moja kama nimemaliza kupima, nikamwambia nilipima asubuhi. Kwa miezi mitatu sikupima hata kipande kimoja.

Katika miezi hiyo ndipo lilipoingia agizo kubwa kuliko yote, kalamu mia na ishirini za chuo kimoja cha ualimu, za kuwapa waliohitimu. Chelagat alikereza mpaka vidole vikavimba. Mama Awuor alizipanga kalamu zile kwenye meza ya sebuleni kwake, juu ya kitambaa cheupe, akatuita tuzione. Alisimama tu, mikono kiunoni, macho yamelowa. Nilijiona mmoja wao kweli.

Kisha Januari ikaja na ule upepo wake mkavu, unaopasua midomo ya watu na kukausha nguo kwenye kamba kabla hujamaliza kuanika. Tulikuwa tunakula githeri msajili wa chuo alipoingia uani na katoni kifuani. Mama Awuor alimkaribisha ndani ya nyumba, akafunga mlango, lakini kuta zilikuwa za mbao na kila neno lilitufikia.

"Mama, nimeaibika. Mwalimu mmoja alikuwa anaandika mbele ya darasa, kalamu ikalia ka! mkononi mwake. Mwingine imepasuka akiwa nayo mfukoni. Hizi ni sabini na tatu, na bado wanaleta."

"Nitazirekebisha zote, Bwana Msajili."

"Nakupatia mwezi moja. Ikishindikana, mimi sitanyamaza. Kila shule hapa itajua. Na nataka kujua ni nani alifanya hii kazi namna hii."

Chelagat aliacha kutafuna. Aliweka kijiko chini polepole, kana kwamba kelele ya kijiko ingeweza kuharibu mambo zaidi. Mimi nilijua. Nataka niseme hivyo wazi, kwa maana kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba wakati ule nilikuwa sijafahamu. Nilijua kabla msajili hajamaliza sentensi yake ya kwanza.

Mama Awuor alirudi karakana na ile katoni. Alichukua kalamu moja, akaipeleka dirishani, akaupapasa ufa wake kwa ukucha. "Chelagat, hii si umeikereza nyembamba sana?"

"Hapana, Mama. Mimi najua mkono wangu."

"Ulikuwa na haraka. Mia na ishirini si mchezo."

"Hata nikiwa na haraka, Mama. Najua mkono wangu."

Mama Awuor alinigeukia. "Wambui, fungua tano. Polepole. Toa mti wote mpaka shaba ionekane, halafu uniambie shida iko wapi. Nitaamini macho yako."

Nilikaa kwenye benchi langu chini ya dirisha, mgongo kwao. Nilitoa rifili, nikagonga ncha, nikaishikilia kalamu juu ya jiko mpaka gundi ilegee, nikaanza kulichana ganda kwa kisu. Shaba ya kalamu nzuri hutoka ikiwa safi, njano, na gundi kavu juu yake. Hii ilitoka na kutu ya kijani, kama ukungu kwenye mkate. Maji yaliyokuwa ndani ya mti yalikuwa yameila shaba. Mtu yeyote wa kazi ile angeona kijani kile akasema neno moja tu: mbichi. Na kama ni mbichi, hakukuwa na haja ya kuuliza lolote kuhusu mkono wa mkerezaji. Ilibidi kuliulizia daftari.

Nyuma yangu nilisikia Chelagat akipumua. Nilichukua kipande cha msasa, nikakisugua kile kibomba mpaka kikang'aa. Nikafungua cha pili, kijani, nikakisugua. Cha tatu. Mkono wangu, ule mzuri wa kufungua, haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilipomaliza nilivipanga vibomba vitano vinavyong'aa juu ya benchi, na maganda kando yake, nikageuka.

"Ni nyembamba, Mama," nikasema.

Mama Awuor alivua miwani. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Chelagat, enda nyumbani upumzike kwanza."

"Mama, unanifuta kazi?"

"Nasema upumzike."

Nilitarajia Chelagat aniangalie mimi. Hakuniangalia. Aliuinua mkono wake wa kulia, akaugeuza, akautazama kiganja na vidole vyake vilivyokuwa bado na uvimbe, kama mtu anayetazama kitu alichoazima. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mashine. Akatoka.

Mwezi uliofuata nilifungua kalamu za chuo kila siku, asubuhi mpaka jioni. Mama Awuor alikereza mwenyewe maganda mapya, kutoka kwa mbao kuukuu ambazo marehemu mumewe alikuwa ameziweka darini, na mimi nikavivua vibomba vya zamani, nikavisafisha na kuvibandika upya. Kila kimoja kilikuwa na kijani. Nilihakikisha natupa vumbi la msasa chooni. Mama Awuor alipokuja kusimama kando yangu, nilikifunika kibomba kwa kiganja nikijifanya nakipasha joto. Wakati wa chakula tulikula wawili, na kiti cha tatu hakuna aliyekiondoa. "Chelagat angekuwa ameshatuchekesha," Mama alisema siku moja, akasukuma sahani yake. Nilikula yangu yote. Nilikuwa nakula sana mwezi ule, sijui kwa nini.

Kisha nikafanya jambo ambalo ni baya kuliko uongo wenyewe, ingawa wakati huo niliona ni wema. Jumamosi moja nilikwenda Chepsaita kumtembelea. Nilibeba sukari na majani ya chai. Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni, akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Kumbe mkitaka kufuta, mnaanza na mwenye hapa, nyinyi mliokuja tu," alisema. Mama yao akamkemea kutoka jikoni, "Nyamaza wewe! Huyu ni mgeni wangu." Akanikalisha karibu na moto, akanimiminia mursik, maziwa ya mgando, kutoka kwenye kibuyu, akanipa ugali na mboga za kienyeji zilizopikwa kwa maziwa. Alinipa kikombe kizuri, kile chenye maua. Alinishukuru kwa kutomtupa binti yake.

Chelagat alikaa upande wa pili wa moto. Alikuwa amekonda. Akaniuliza, bila kinyongo, kama mtu anayetaka kujifunza, "Wambui, ulipofungua zile tano, uliona nini? Niambie tu. Sitakasirika."

Ugali ulikuwa mdomoni mwangu. Nilimeza. "Zilikuwa nyembamba."

"Zote?"

"Zote."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi ni mkono. Nimefikiria usiku na mchana, nikasema labda ni mti, labda ni gundi. Lakini kama wewe umeona kwa macho yako, basi ni mkono. Na sikusikia, unajua? Mtu husikia patasi ikiingia sana. Mimi sikusikia kitu." Mama yake akasema, "Kula, mgeni, umeacha mboga." Nikala.

Wengi wakisimulia makosa yao ya ujana husema walikuwa hawajui. Mimi nilikuwa najua, na nilikuwa nimeshiba chakula cha watu wale. Nilipokuwa nikitembea kurudi barabarani niliapa kwamba Jumatatu nitamwambia Mama Awuor. Jumatatu ikaja, nikanyamaza. Nikanyamaza wiki nyingine mbili.

Kilichonishinda si toba. Ni aproni. Kalamu zote zilikuwa zimekwisha, msajili amezichukua, ameridhika, amempa Mama mkono. Asubuhi iliyofuata Mama Awuor aliifuta mashine vumbi, akachukua ile aproni iliyokunjwa akanipa. "Sasa ni wewe," akasema. "Najua alikuwa anakufundisha Ijumaa. Mnafikiri mimi sioni maganda kwenye nywele zako? Nilinyamaza kwa sababu nilifurahi. Vaa."

Sikuweza kuivaa. Nilisimama na aproni mikononi na maneno yakatoka yenyewe, hayana mpangilio: kijani, daftari, Ijumaa, msasa. Nilimwambia sikupima. Nilimwambia nilivisugua vibomba. Mama Awuor hakupaza sauti. Alitoka, nikamsikia akitembea stoo, akarudi na mizani na lile daftari, akaviweka mbele yangu.

"Pima."

"Mama..."

"Nimesema pima. Kila kipande. Soma kwa sauti."

Nilipima mpaka saa saba mchana, nikitaja uzito halisi, naye akisoma kwa sauti uzito nilioubuni. Kipande baada ya kipande. Hakunisaidia kubeba, hakuniruhusu kukaa. Nilipofika cha mwisho sauti ilikuwa imenikauka. Akafunga daftari. "Chukua sweta yako," akasema. "Tunaenda Chepsaita."

Chelagat alikuwa akikamua ng'ombe. Mama yake alisimama mlangoni, kaka yake akaja akasimama kando ya zizi, na Mama Awuor akaniambia, "Sema hapa, wote wasikie." Nikasema, nikaomba msamaha. Nilisema hata habari ya msasa, kwa sababu Mama Awuor alikuwa amenishika mkono juu ya kiwiko, na kila nilipotaka kuruka kitu alikaza vidole. Kaka yake alisonya, akageuka akaenda zake. Mama yao aliingia ndani, na nikamsikia akiongea peke yake kwa Kikalenjin, sauti ikipanda na kushuka. Sikuelewa maneno, ila nilielewa. Ndipo Mama Awuor alipofanya kitu ambacho sikuwahi kumwona mkubwa akimfanyia mdogo. Alimwambia Chelagat, "Mimi ndiye niliyekufukuza. Nilikuwa na macho yangu mwenyewe na sikuyatumia. Nisamehe, mwanangu. Rudi kazini."

Chelagat hakuacha kukamua. Maziwa yaliendelea kulia kwenye ndoo. "Nimesikia, Mama," alisema mwishowe. "Asante kwa kuja. Lakini sirudi."

Hakurudi. Mimi ndiye niliyebaki. Nilimwomba Mama Awuor anifukuze, akakataa. "Ukienda, nani atatengeneza ulichoharibu?" Alinirudisha kwenye stoo na kwenye benchi, na mashine hakunipa tena kwa muda mrefu. Mwaka ule ulimalizika nikiwa napima mbao kila Ijumaa naye akipima tena Jumamosi nyuma yangu, bila kuficha. Nilikaa kwake miaka tisa. Sijui kama aliwahi kuniamini kabisa. Najua alinifundisha, na hilo lilikuwa zaidi ya nilichostahili.

Maombi yaliisha. Watu waliinuka, viti vikagongana, na nikajikuta nimesimama karibu na moto, mbele ya Chelagat. Uso wake ulikuwa umezeeka vizuri. Tulisalimiana kwa mikono miwili. Alisema Mama Awuor alikuwa akimtembelea kila Krismasi, akikaa saa moja, akinywa chai, na hakuwahi kulitaja jina langu hata mara moja.

"Chelagat," nikaanza, "mimi nataka..."

"Usiniombe msamaha. Uliomba, na ng'ombe wangu alisikia." Hakutabasamu. "Wacha nikuambie kitu, ndio ukijue. Siku ile mlipokuja nilikuamini. Kichwa kiliamini. Lakini nikishika patasi, mkono uliniuliza, una hakika? Na sikuwa na hakika. Kufutwa si kitu, watu wanafutwa kila siku. Lakini ulikula kwetu, nikakuuliza mimi mwenyewe, ukaniangalia. Tangu hapo sikuweza kuusikia mti. Zaidi ya miaka ishirini, Wambui."

Niliinama nikausukuma ukuni uliokuwa umetoka motoni.

"Mwaka juzi binti yangu alinunua mashine ndogo," aliendelea, akikoroga chai. "Anataka kutengeneza bakuli za kuuza. Nikamwona anashika patasi vibaya, nikamnyang'anya nimwonyeshe. Nilisahau kuogopa. Mkono ukaenda. Nilikereza nikilia, na yule mtoto anashangaa mama yake amepatwa na nini." Alipiga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, akauweka kando. "Bado unafungua kalamu?"

"Bado. Niko na chumba kidogo mjini, nyuma ya duka la vitabu."

"Na ukifungua ukapata makosa ni yako?"

"Namwambia mwenyewe."

"Hata kama hajauliza?"

"Hata kama hajauliza."

Alinitazama kwa muda, kama fundi anayepima kitu bila kukigusa. Upande wa nyumba walikuwa wameanza kuwaita waombolezaji wanywe chai kabla ya safari, na mtu akapaza sauti kuuliza inachelewa wapi. Chelagat alikunja kitambaa, akakiweka kwenye mkono mmoja wa sufuria, akanitupia kingine.

"Shika huko basi," alisema. "Hii haiwezi kujipeleka."

Nikashika. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na mvuke ulitupiga usoni sote wawili. Ilitubidi twende kwa hatua moja, bega kwa bega, watu wakitupisha, na kila nilipotaka kuharakisha aliniambia taratibu, taratibu, itatumwagikia.